Sahani ya Mchimba Visima

Mara ya kwanza alipita upande wa pili wa barabara. Mara ya pili alipita upande huu huu, kichwa kimeinama kama mtu aliyeangusha kifungo. Mara ya tatu Leodegar alijiambia kuwa anakwenda kusalimia tu, maana si uungwana kupita mlango wa mtu mara tatu bila kutoa salamu. Akaingia, akasalimia, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwishakaa.

Sahani ikamjia bila kuagizwa. Katika hoteli ya Abdulsamad, pale Temeke, sahani ya Leodegar haikuwa ya kuagiza. Khairiya, dada yake Abdulsamad, alikuwa ametawala jiko la uani tangu afiwe na mumewe, naye alisikia tu kikohozi cha Leodegar barazani akaanza kupakua. Asubuhi vitumbua na maharage ya nazi. Mchana wali na samaki wa kupaka. Alasiri sambusa. Na katikati ya hayo, chochote kilichokuwa kikitoka karaini kingali kikitoa povu la mafuta.

“Leo umechelewa, Baba Yuliana,” Khairiya alisema kutoka nyuma ya pazia. “Nikadhani umepata kazi.”

“Nimeshakula nyumbani.”

“Kwani nani kakuuliza?”

Ni kweli alikuwa amekula. Mkewe Demetria alimchemshia mihogo, akaila na chai ya rangi, akashiba, akajifuta mdomo. Njaa hakuwa nayo. Njaa aliijua vizuri, alilelewa nayo nyumba moja. Hiki kilichomzungusha barabarani asubuhi nzima kilikuwa kitu kingine, na hakujua kukiita. Kilianzia miguuni. Miguu ilijua kwamba hatua mia mbili kutoka hapo kuna kitu cha moto, chenye mafuta na iliki, na kwamba kipo sasa hivi, kitakuwapo baada ya saa moja, na kesho kitakuwapo. Akikaa, haitulii. Akilala, haitulii. Ilitulia mkono ulipofika sahanini, na hata hapo ni kwa muda wa kutafuna tu.

Sahani ile ilizaliwa na kisima.

Miaka saba nyuma, wakati wa vita, mchele ukiuzwa kwa kipimo cha serikali, Leodegar alishuka kutoka Ungoni kwa njia ya mashamba ya mkonge, akaingia Dar es Salaam akiwa mwembamba kama mpini wa jembe. Abdulsamad ndiyo kwanza alikuwa anafungua hoteli, na alitaka kisima uani. Leodegar akamchimbia, futi thelathini, peke yake shimoni. Kila siku chakula kilimshukia kwa ndoo, kwa kuwa desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba anayewatafutia maji hali chakula chake mwenyewe, hulishwa nao. Alikula amechuchumaa gizani, juu yake kiduara cha mbingu, akaona hajawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Maji yalipotoka, Abdulsamad alimwita barazani.

“Fundi, ujira wako huu hapa,” alisema. “Au tufanye agano. Ukikitunza kisima kikawa na maji, na wewe una sahani. Siku yoyote, saa yoyote, mpaka mmoja wetu azikwe. Chagua.”

Mtu wa pwani angecheka, akachukua fedha yake. Leodegar alikuwa ametoka mahali ambapo, kati ya Krismasi na mahindi mabichi, watoto walilazwa mapema ili wasiulize. Hakufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Alichagua sahani, na kwa wiki nzima wenzake wa Ungoni wakamsifu kwa akili. Demetria peke yake ndiye aliyeuliza, “Na mie nitampikia nani?”

Na jambo moja zaidi lapasa kujulikana. Leodegar hakupima visima vyake kwa futi. Alivipima kwa mwili wake. Alisimama peku pale palipochaguliwa, na siku hizo Demetria ndiye aliyemchorea duara kwa kijiti: mabega ya mumewe, na vidole viwili kila upande, basi. Kisima chembamba kina udongo mchache wa kutoa, mawe machache ya kujengea, na mchanga wa Temeke haupati nafasi ya kumwangukia mtu. Futi nane za juu alizijengea mawe ya matumbawe. Hiyo ndiyo shingo. Chini ya shingo kuna udongo mgumu unaosimama wenyewe, na hapo aliacha nafasi ya kukunja magoti. Alishuka kwa mgongo na nyayo bila ngazi. “Mie sichimbi kisima,” alikuwa akitamba, “mie nakishona.”

Miaka ya karibuni visima vyake vilikuwa vinapanuka. Wateja walipouliza, aliwaambia ndiyo mtindo mpya, eti kisima kipana hukusanya maji mengi. Mtu aliyekuwa akimvutia ndoo, Fransis, Mpogoro wa Mahenge na mtani wake wa kutupwa, alikuwa akiinama kucheka upande wa pili wa kapi. Fransis mwenyewe hakuwahi kuingia kisimani. Mabega yake yalikuwa ya kubeba magunia bandarini, na kazi yake ilikuwa kuvuta.

Basi asubuhi hiyo Abdulsamad alikuja akakaa mbele ya Leodegar, akamtazama akimeza.

“Fundi, chai yangu ina mchanga.”

“Nimeiona.”

“Umeiona, na unakunywa kikombe cha pili.”

Leodegar akakiweka chini kikombe.

“Vuli haikunyesha,” Abdulsamad aliendelea. “Maji yamekwenda chini, tope limepanda. Wateja wangu wameanza kwenda kunywa chai Keko. Inakulazimu ushuke, uzoe tope, uongeze futi mbili. Kesho.”

“Kesho haiwezekani. Nipe wiki. Tope lazima litulie kwanza. Ukilivamia likiwa hivi, unaliamsha.”

Hakuna tope linaloamshwa. Lakini Abdulsamad alijua mchele na samli, hakujua tope. Alizivuta ndevu zake kidogo.

“Wiki moja, mpaka Jumatatu. Ikipita namwita yule mchimbaji Mmakonde wa Mtoni. Sipendi, lakini nitamwita.”

Leodegar aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa.

Adhuhuri, wanaume walipokwenda kuswali, aliingia uani na kamba ya katani. Akalala kifudifudi, akaizungusha kamba ndani ya shingo ya kisima, akaikata pale ncha zilipokutana. Kisha akaenda nyuma ya choo, akajizungushia mwenyewe penye kitovu. Alitoa pumzi zote. Ncha zikakutana. Zikakutana kwa kubanwa, hata kidole hakipiti, na hiyo ni bila kuhesabu mikono yake miwili wala goti la kukunja. Alisimama pale, kamba imemkaza kama mzigo, akaona waziwazi kilichokuwa kinakuja. Mmakonde akiingia katika kisima hiki, Temeke nzima itauliza kwa nini. Na mchimbaji asiyeingia katika kisima alichokichimba mwenyewe, nani tena atampa ua wake akautoboe?

Wiki moja. Alijiambia kwamba wiki ni nyingi. Utotoni wiki moja ya Februari ilitosha kumtoa mtu mashavu.

Siku ya kwanza hakupita kabisa barabara ya hoteli. Alizunguka kwa nyuma, kupitia mashamba ya mihogo, akatembea mpaka Mtoni na kurudi bila shughuli yoyote, akarudi tena, mpaka wanawake waliokuwa wakipalilia wakaanza kumwangalia kwa mashaka. Jioni alifika nyumbani miguu inawaka, lakini amejishinda. Akakuta mezani sahani imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

“Bibi Khairiya ameleta mwenyewe,” Demetria alisema. “Anauliza kama unaumwa au umekasirika. Nimemwambia huumwi.”

“Ungemwambia naumwa.”

“Halafu alete supu?”

Alikusudia kuirudisha. Aliifunua ili aone tu kilichomo, kusudi ajue cha kushukuru. Ilikuwa biriani, na pembeni vipande viwili vya halua. Alikula biriani mpaka akahisi ngozi ya tumbo inavutika, akajua ameshiba kabisa, hapana nafasi hata ya maji. Kisha ulimi ukagusa halua, na mlango mwingine ukafunguka ndani yake, chumba kitupu ambacho biriani haikuwahi kukijua.

Siku ya pili alikula nyumbani tu, ugali na mchicha, akaona ni rahisi, akaona ameshinda. Siku ya tatu alikwenda hotelini kumweleza Khairiya kwa heshima kwamba amepunguza kula. Khairiya alimsikiliza kwa huruma akampa kachori mbili, ndogo, za kupunguzia.

Siku ya nne Fransis alimvuta mpaka kwa Aidarus, mnunuzi wa mbata za nazi, akampandisha kwenye mizani ya magunia. Mara ya mwisho alipopimwa pale, kwa mzaha vilevile, alikuwa frasila nne. Aidarus alisogeza jiwe la kwanza, la pili, akaongeza, akaongeza tena.

“Frasila saba,” alisema. “Kasoro ratili mbili.”

“Hizo mbili ni viatu alivyovua,” Fransis akasema. “Mtani, nyie Wangoni mlikuwaga mkituteka sie na kutula mali. Sasa mmeanza kujila wenyewe?”

“Nyamaza.”

“Mie nasikitika. Kamba yangu imezeeka, na wewe Jumatatu unataka nikushushe frasila saba.”

Watu wa kwa Aidarus walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomchosha. Kila mtu aliyekutana naye alimwambia amenawiri. Akina mama walimsifu Demetria kwa kumtunza mume. Kama angekonda, wangeuliza ana ugonjwa gani, au mkewe anamfanyia nini. Hapakuwa na mtu hata mmoja Temeke aliyemwombea akonde, isipokuwa kisima.

Jumamosi hakuweza kusubiri tena. Alimwita Fransis alfajiri, kabla hoteli haijajaa, akavua shati, akajipaka mafuta ya nazi mabegani na kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana mieleka. Fransis hakutania. Alishika kamba. Leodegar aliingiza miguu, mapaja, akashuka mikono ikiwa juu, na mawe ya matumbawe yakaanza kumsoma. Nyonga zikapita. Tumbo likafika, likasita, likapanda. Akatoa pumzi, akashuka kidole kimoja. Akajaribu kuvuta pumzi nyingine na haikuja.

“Vuta,” alisema, kwa sauti isiyo yake.

Fransis alivuta, hakutoka. Wapagazi wawili waliokuja kunywa chai wakaitwa. Abdulsamad akatoka na kikombe mkononi. Khairiya akatoka na mwiko. Walimvuta wanaume watatu, ngozi ya ubavu ikabaki mawe­ni, akatua juu ya mchanga. Alilala akitazama mbingu, pana kuliko alivyozoea kuiona kutoka mahali pale.

“Kumbe ni hivyo,” Abdulsamad alisema taratibu. “Tope lilikuwa linatulia.”

“Mzee, nisamehe.”

“Sina hasira, fundi. Lakini Jumatatu namwita Mmakonde.”

Demetria alimpaka majivu ya moto na chumvi ubavuni bila kumwuliza. Alikuwa amekwishasikia, Temeke ilikuwa ndogo. Leodegar alikaa kwenye kigoda, akainuka, akakaa kitandani, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi.

“Kaa basi, dawa inamwagika.”

“Sijui nina nini,” alisema. “Mtu mwenye njaa huacha akishiba. Mie sina njaa, sasa nitaachia wapi?”

Demetria alifikiri, kidole ndani ya bakuli la majivu.

“Kwetu chungu kilikuwa kinakwisha,” alisema. “Mama alikuwa akikomba ukoko, anageuza chungu, mnaona wenyewe. Mtu aliacha kwa kuwa hakuna tena. Hukufundishwa kuacha, Baba Yuliana. Hata mie sikufundishwa. Ila mie hakuna anayenipakulia.”

Hakulisema kwa uchungu. Lakini Leodegar alimtazama, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaona kwamba mkewe alikuwa na mabega yale yale aliyokuja nayo kutoka Peramiho. Miaka saba alikuwa akila mihogo yake na mchicha wake, bila mumewe mara nyingi, chungu kidogo kinachokwisha.

“Unanitazama nini?”

“Hapana.”

“Nimeshafikiri kabla yako,” Demetria alisema. “Nitashuka mie.”

“Wewe hujawahi kuchimba.”

“Nani alikuwa akikuchorea duara? Nani alikuvutia ndoo kabla ya Fransis? Mie nimekiona kile kisima futi kwa futi. Afadhali aingie wa nyumba moja na wewe kuliko Mmakonde.”

Jumapili baada ya misa walikwenda pamoja. Abdulsamad alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Mwanamke kisimani kwangu? Watu watasema nini?”

“Watasema chai haina mchanga,” Khairiya alijibu nyuma ya pazia.

“Na akivunjika?”

“Mume wangu atanishika,” Demetria alisema. “Lakini mzee, lipo neno moja. Agano mlilofanya ni la anayekitunza kisima. Nikishuka mie, sahani inahama. Itakuwa yangu. Nitaichukua mchana, mara moja kwa siku, niende nayo kwangu. Ikiisha imekwisha.”

Abdulsamad alimgeukia Leodegar. Leodegar alijiona kama mtoto anayenyang’anywa, akaona haya.

“Amesema,” alijibu.

“Haya,” Abdulsamad akasema. “Sahani ihame.”

Jumatatu asubuhi hoteli ilifungwa uani, wanaume wakabaki mbele. Leodegar alishusha koroboi kisimani kwa uzi, akalingoja. Mwali haukuzimika, hewa ilikuwa njema. Demetria alifunga kaniki kati ya miguu, akaikaza, akajifunga kamba kiunoni. Kamba hiyo Leodegar aliizungusha mara moja kwenye gogo la mkoko lililosimikwa kando ya kisima, akakaa chini, nyayo amezikita kwenye gogo, akaishika kwa mikono miwili. Fransis alikuwa kwenye kapi na ndoo ya tope.

“Leo uzito wako umepata kazi, mtani,” alisema. “Hata tembo akianguka humo, wewe huondoki.”

Demetria alijitia shingoni mwa kisima kama mkono unavyoingia katika mkono wa shati. Hakugusa jiwe. Leodegar alimwachia kamba dhiraa moja moja, akisikiliza nyayo zake zikitafuta ukuta, mpaka sauti ikaja kutoka mbali, yenye mwangwi: “Nimefika. Maji ya baridi, jamani.”

Ndoo ya kwanza ikapanda. Ya pili. Tope jeusi, zito, likamwagwa kando. Kila Demetria alipochimba pembeni alilazimika kujiinua kidogo, mguu huku, mguu kule, mwili wote ukiegemea kamba; na kila mara Leodegar aliihisi mikononi mwake, akakaza, akalegeza. Hakuwahi kuwa juu. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa chini, na hakujua kwamba aliye juu huogopa zaidi.

Ndoo ya kumi na tano ilipotoka, Khairiya alikuja na sahani, akaiweka juu ya kigoda karibu na gogo. Kaimati, za moto, zimelowa shira, zinang’aa.

“Hizi za Mama Yuliana akitoka,” alisema. “Atakuwa anatetemeka baridi. Usiziguse.”

“Siwezi, mikono yangu miwili ina kazi.”

“Ndiyo maana nimeziweka hapo.”

Hakuzitazama. Alitazama kamba, gogo, mgongo wa Fransis unaopanda na kushuka. Aliwaza kuhusu udongo wa kule chini, jinsi unavyobadilika rangi ukikaribia maji. Aliwaza futi mbili ni ndoo ngapi. Iliki ilimfikia puani, akageuza uso. Akakaza, akalegeza. Ndoo ya ishirini. Fransis akasema kitu juu ya tope kunuka kama Mngoni, naye akacheka kidogo. Ndoo ya ishirini na tatu.

Kamba ikakimbia.

Iliruka kwenye gogo kwa mlio wa ngozi kuchanika, dhiraa mbili, tatu, na kutoka chini kikaja kishindo cha maji na sauti ya Demetria, fupi, kisha kimya. Leodegar aliidaka kwa mikono yote miwili, akajitupa nyuma, akaisimamisha. Mkono wa kulia ulikuwa unateleza. Aliutazama. Vidole vilikuwa vimelowa shira mpaka kwenye kifundo.

“Demetria,” aliita.

Kamba haikutikisika.

“Mama Yuliana.”

“Nipo,” ikaja sauti. “Nitoe.”

Yeye na Fransis wakamvuta pamoja. Demetria alitokeza kichwa kimejaa tope, akaketi ukingoni, akafunua goti. Ngozi ilikuwa imechunika, na damu ilikuwa ikishuka juu ya tope. Alilikunjua goti, akalikunja, likakubali. Khairiya alikuja na maji, akamwosha.

“Kamba ilinitoroka,” Leodegar alisema.

“Kamba haitoroki.” Demetria alimtazama mkono, kisha akatazama kigoda. “Ulikula.”

Angeweza kukataa. Wakati ule Fransis alikuwa amempa mgongo, Khairiya alikuwa mbali jikoni. Hakuna aliyemwona, hata yeye mwenyewe hakujiona.

“Nilikula.”

“Ngapi?”

Leodegar alitazama sahani. Zilikuwa zimebaki nne, na shira imeacha alama za mviringo pale zilipokuwa nyingine. Alijaribu kuzihesabu zile alama, zikachanganyika.

“Sijui.”

“Zilikuwa tamu?”

Hilo alilitafuta kwa uaminifu. Alipitisha ulimi kwenye meno, kwenye ufizi, ndani ya shavu, akapata utando wa sukari tu, kama alama ya maji ukutani baada ya maji kuondoka.

“Sikumbuki,” alisema.

Demetria alikaa akipumua, goti mbele yake, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekuwa akitafuta kitu nyumba nzima na sasa amekiona kilipo, na hakipendi kilipo.

“Pole, Mama Yuliana,” Khairiya alisema. “Mafuta bado ya moto. Nakukaangia nyingine sasa hivi, hata dakika haifiki.”

“Usikaange, bibie. Nipe hizo nne.”

Alizila pale pale ukingoni, moja moja, kwa mkono wa tope, polepole, mbele ya mumewe. Alipomaliza aliigeuza sahani juu chini, akaiweka kigodani hivyo hivyo, imefunika.

“Bado futi moja,” alisema, akajikaza kaniki. “Fransis, njoo ushike kamba yangu.”

“Na ndoo?”

“Atavuta yeye.”

Fransis alimtazama Leodegar. Akaenda kwenye gogo, akakaa, akakita nyayo. Leodegar aliinuka. Aliosha mkono wa kulia kwenye ndoo, akausugua kwa mchanga, akaunusa, akausugua tena. Kutoka jikoni mafuta yaliendelea kuchacharika. Khairiya alikuwa amerudi jikoni, anamkaangia mtu mwingine, mteja wa mbele.

“Bibi Khairiya,” Leodegar aliita bila kugeuka. “Funga mlango wa jiko.”

“Moshi utaniua.”

“Basi usiniulize kama nataka. Leo, kesho, siku yoyote. Usiniulize. Mie nitasema nataka.”

Mlango ulisikika ukisogezwa, nusu.

Demetria alikuwa ameshazama shingoni mwa kisima. Leodegar alishika kamba ya ndoo, akaihisi imelegea, tupu, ikishuka, ikishuka. Kisha ikagusa chini. Alisubiri. Jasho lilimtiririka kwenye kidonda cha ubavu. Sauti ikapanda kutoka futi thelathini na moja, ya mtu aliye kazini:

“Vuta.”

Akavuta. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na maji yaliyomwagika ukingoni yalikuwa bado meusi. Akamwaga, akashusha tena ndoo.